Kandili Ilikuwa Inawaka

Rafiki zangu, nakuombeni sana, haya yasitoke kwenu hata neno moja.

Leo tumekaa kufuturu. Mama akamimina uji, wote ukamwagikia mkekani, kando ya bakuli.

"Mbona mnanifuturisha gizani? Washeni taa!"

Dada akacheka. "Mama nawe kwa mzaha!"

Kandili ilikuwa inawaka mbele yake.

Mama akanyoosha mkono, vidole vikagusa kioo cha moto, akavirudisha upesi. Dada akaacha kucheka.

Tangu daktari amkataze mafuta kwa ajili ya maumivu ya nyongo, mama hajaonja tui, samli wala samaki mwenye mafuta. Daktari mwenyewe alimsifu kwa utiifu wake! Maumivu yamekwisha kweli, lakini kwa kukosa mafuta ngozi imemkauka, na sasa macho hayaoni likishatua jua.

Nimpe tui, nyongo imrudie? Nisimpe, apofuke?

Daktari huyo ndiye mkuu wangu kazini. Mimi karani wa juzi, nitamwambiaje kuwa amekosea?

Aliyepata kuuguza mtu wa namna hii anieleze. Ofisini msije. Njooni nyumbani Malindi, mlango wa uani, kabla jua halijazama, mama angali anakuoneni.