Sabuni Kwenye Kifuniko cha Tangi

Gari la Pak Wagiyo, yaani Mzee Wagiyo, lilikuwa limekaa uani kwake Semarang, mji wa pwani kisiwani Java, tangu mkewe azikwe, na kama si simu ya shemeji yake, lingeendelea kukaa pale mpaka liote majani. Alikuwa akiliwasha mara mojamoja, anakwenda nalo sokoni, anarudi, analifunika turubai. Gari la viti saba, na yeye peke yake! Lakini kuliuza hakutaka, na ukimuuliza sababu anakwambia linampa kazi ya kufanya Jumapili.

Simu yenyewe ilitoka kwa Tukijan, mdogo wake marehemu Sumirah, mkulima wa tumbaku huko milimani upande wa Temanggung. Alisema Shaabani imeingia na nyadran itafanywa Ijumaa: kijiji kizima kitapanda makaburini asubuhi, watu wafagie, wasome dua, kisha wale pamoja palepale. Hayo Wagiyo aliyajua, ingawa mwaka uliopita hakwenda, hakuwa na moyo. Habari mpya ni kwamba makaburi yamejaa. Mahali palipobaki kando ya Sumirah panatakiwa na ukoo mwingine, na wazee watakata shauri siku hiyohiyo, chakula kikiisha. Mwenye haja afike, aseme mbele za watu.

"Usipokuja, shemeji, hatutakulaumu," Tukijan alisema. "Tutajua umeshapata mahali pengine."

Hatutakulaumu! Hayo ni maneno ya mtu ambaye nyumba yake imejaa watoto hadi kwenye dari. Wagiyo hakujaliwa mtoto, ndugu zake wametangulia, majirani wake wa zamani wamehama mmoja baada ya mwingine, na hawa waliokuja wanamjua kwa kofia tu. Tangu msiba, kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: siku yake ikifika, alazwe pale, ubavuni mwa mkewe. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia.

Angeweza kupanda basi, ndiyo. Ila Sumirah alikuwa hendi kwao ila kwa gari lile, kiti cha mbele, na Wagiyo aliona kushuka kwenye basi mbele ya wakwe zake ni sawa na kutangaza msiba mara ya pili. Basi alfajiri ya Ijumaa akapika kuku mzima kwa tui la nazi, kama desturi inavyotaka. Kumfunga miguu ili alale kama aliyesujudu kulimshinda, kuku akatoka chunguni ameketi. Akamweka kwenye kapu, akaweka kapu kwenye kile kiti cha mbele, akaondoka.

Tambarare gari lilikwenda vizuri, hata akaanza kulisifu. Lilipopita mji wa Ambarawa na kuanza kupanda, likakohoa, likashikwa na kwikwi, likazima. Bahati yake lilizima karibu na kibanda cha kuziba pancha, na mwenye kibanda, jitu nene liitwalo Jumadi, lilikuja bila kuitwa.

"Mzee, gari hili nalo bado linatembea?" Jumadi aliuliza. "Mimi nilidhani umeliegesha hapa kwa maonyesho."

Akafungua boneti, akagusa pampu ya mafuta, akaunguza kidole, akafurahi. Alisema ugonjwa ni huo hapo: pampu imepata moto, mafuta yamegeuka mvuke njiani, injini haipati kitu. Akalowesha kitambaa, akakizungushia pampu, wakakaa wakanywa chai. Chai ilipoisha gari likawaka kwa jaribio la kwanza. Jumadi alipanua mikono kama aliyelizaa yeye, akampa Wagiyo chupa ya maji ya akiba, akamwambia likizima tena afanye vilevile.

Lilizima tena, naye akafanya vilevile. Kumwagia pampu maji, kusubiri, kuwasha. Likawaka, likapanda kidogo, likazima. Kila lilipowaka Wagiyo alizidi kuamini maji, na kumbe maji hayakuwa na kazi yoyote. Kilichokuwa kikifanya kazi ni kule kusubiri. Lakini utamlaumuje? Mtu akipewa dawa akapona, haulizi kama angepona bila dawa.

Mara ya tatu lilizimia katikati ya mashamba ya tumbaku, hapana kibanda, hapana mtu, na maji yameisha. Jua lilikuwa limepanda. Huko juu kijijini watu walikuwa wameshafagia, labda dua imeshaanza, na Tukijan anatazama barabara, au hatazami. Wagiyo akajiuliza kama pengine si pampu, ni petroli tu imekwisha na mshale unamdanganya. Akazunguka nyuma, akashika kifuniko cha tangi. Kilikuwa kigumu ajabu. Akakaza mkono, kikazunguka, na tangi likavuta pumzi. Fyuuu, ndefu, mpaka nywele za mkono zikamsimama.

Hapo akaelewa, maana alikuwa na magari ya zamani maisha yake yote. Tangi lazima lipate hewa. Mafuta yakitoka kwenda kwenye injini, hewa iingie ishike nafasi yake, na kwenye gari la rika lile hewa hupita kwenye kitundu kidogo upande wa ndani wa kifuniko. Kitundu kikizibwa, pampu itavuta mpaka ichoke, mafuta hayaji. Ukiliacha lisimame, hewa hujipenyeza polepole pembeni, nalo linawaka, na wewe unamshukuru Jumadi.

Akageuza kifuniko atazame. Kitundu kilikuwa kimejazwa sabuni, ile ya kufulia ya mche, ngumu, ya buluu, na juu yake pamebaki alama ya ukucha wa kidole gumba. Ukucha mdogo, si wake.

Kwenye barabara zile kila mtu anajua kuwa tangi likitoboka unaziba kwa sabuni, kwa sababu petroli haiiyeyushi. Sumirah alikuwa binti wa dereva wa lori, aliyajua hayo kabla ya kujua kusoma. Na katika ugonjwa wake wa mwisho harufu ya petroli ilikuwa ikimtapisha. Kila walipokwenda hospitali alikuwa akifunga pua kwa upindo wa kilemba, halafu siku moja akaacha kulalamika. Wagiyo alidhani amezoea. Hata alimsifu kwamba leo umekuwa jasiri. Kumbe alikuwa ametoka uani peke yake, na miguu ile isiyomchukua, akatafuta harufu inakotoka, akaiziba, akarudi kulala bila kusema neno. Hospitali ilikuwa karibu mno na soko lilikuwa karibu mno. Gari halikupata hata nafasi ya kulalamika. Na siku ya mazishi walipanda mlima kwa gari la hospitali. Na kituoni wanaojaza mafuta ni vijana wa kituo, wao wanafungua na kufunga tu, hawatazami.

Alilia pale kando ya barabara, tena si kidogo. Alimlilia kwa kuteseka kimya akiwa ndani ya nyumba moja naye. Na zaidi alilia kwa sababu alama ile ya ukucha ndiyo kitu cha mwisho alichokifanya Sumirah kwa mkono wake ambacho kilikuwa bado hakijafuliwa, hakijafagiwa, hakijapanguswa, na sasa lazima akitoboe.

Alijaribu kukwepa. Alikirudisha kifuniko bila kukikaza, akaendesha. Kona ya kwanza petroli ikamwagika ubavuni, harufu ikajaa ndani, na lori lililokuwa nyuma likampigia honi hadi akasimama. Akashuka. Akavunja mwiba kwenye ua wa shamba, akakichokoa kitundu pole kwa pole, akitumaini sabuni itatoka nzima. Haikutoka nzima. Ilisagika, ikamwangukia viganjani unga mtupu, na upepo wa mlimani ukauchukua. Akafunga kifuniko, akakikaza, akapanda mlima bila gari kukohoa hata mara moja.

Alipofika makaburini watu walikuwa wakikunja mikeka. Kuku wake aliyeketi alipokewa na wanawake, wakamcheka kuku, si yeye, wakamgawa hapohapo. Wazee walikuwa bado wamekaa. Wagiyo hakusubiri kukaribishwa. Alisimama mbele yao, suruali inanuka petroli, akasema yeye ni mume wa Sumirah, na pale kando yake anapataka yeye.

Mzee wa ule ukoo mwingine alisema kama mume yupo basi maneno yameisha, wao watazika upande wa mianzi. Hivyo tu. Wagiyo alikuwa amejiandaa kubishana. Akaenda akakaa kando ya kaburi la mkewe, furaha imemjaa.

Tukijan akaja akakaa naye, akampa wali kwenye jani la mgomba. Walikula kidogo.

"Shemeji, mahali umepata," Tukijan alisema. "Sasa tuambie, siku ikifika, uko kule Semarang, nani atatuletea habari?"

Wagiyo alifungua mdomo ataje jina. Nyumba ya kulia kwake wapangaji hubadilika kila mara, hajui hata hawa wa sasa wanaitwaje. Ya kushoto imefungwa. Imamu anamjua sura. Mwenye duka anamjua kwa sigara. Akaipita mitaa yote kichwani, mlango kwa mlango, akarudi mikono mitupu.

"Nitakuja mwenyewe," alisema. "Nikiona imekaribia, nitaendesha nije."

Waliokuwa karibu waliangua kicheko, na Tukijan naye alicheka, akampiga begani. Kisha akaona shemeji yake hacheki, anatafuna wali taratibu na kutazama ile nafasi kando ya kaburi.