Mkono wa Koti Jeusi

Theluji ikianza, mpima theluji wa kituo chetu juu ya barabara ya mlimani iendayo mji wa Osh hunyoosha mkono wa koti lake jeusi na kubana pumzi, chembe zisiyeyuke. Baridi kali isiyo na upepo humletea nyota za ncha sita. Upepo huzivunja zikawa unga. Mawingu yenye unyevu humwaga vidonge vinavyobingirika kama mtama, na theluji mpya ikilala juu yake haishiki, huporomokea barabarani. Hayo yote nayajua pia mimi, mpishi wa kituo. Juzi niliviona vidonge kabla ya mpima, nikawaambia madereva wasivuke mlima.

"Kaka, wewe kakoroge supu," alisema Ormon, dereva wa lori la makaa, na injini hakuizima. "Tunamngoja mwenyewe."

Mwenyewe akaja taratibu kama kawaida yake, akatazama mkono wa koti lake, kisha akanitazama mimi.

"Huyu amewaambia nini?"

"Eti tusivuke."

"Sasa mnaningoja mimi wa nini?"

Injini zikazimwa moja baada ya nyingine. Ormon akaniita mkuu, akanisogezea mkate. Niliutafuna huku roho ikiniuma, maana hata kuaminiwa kwangu kulitoka mdomoni mwa mpima.