Hendeli Nyuma ya Mlango

Mwezi uliopita tulirudi Kahama kuuza nyumba ya baba. Mnunuzi alipita chumba kwa chumba akigonga kuta kama anayechagua tikiti maji, nami, msomi wa ukoo, nikapewa kazi kubwa ya kubeba funguo. Nyuma ya mlango wa mbele nikauona ule msumari. Nilisimama pale mpaka dada akaniuliza kama nimesahau kutembea.

Hendeli, wewe uliyekuta magari yanawashwa kwa ufunguo, ni chuma kilichopinda. Kilichomekwa mbele ya injini na kuzungushwa kwa nguvu mpaka iwake. Baba alikuwa na lori moja kuukuu. Msimu wa pamba lilibeba magunia ya wakulima hadi kinuni; msimu ukiisha lilipeleka unga na mafuta ya taa kwa wachimbaji wa Geita. Tangi lilizibwa kwa sabuni, springi zilikazwa kwa kanda za ngozi. Alfajiri tuliamshwa na pumzi za baba, kisha kikohozi cha lori, kisha harufu ya petroli iliyotufuata hadi kwenye uji wa mtama.

Lilipoanza kukataa vilima, baba aliuza ng'ombe wake wote. Akaenda Shinyanga kwa mwenye duka mmoja, akampa fedha zile pamoja na lori lake, akarudi na lori jingine, lililokwisha tumika lakini lenye nguvu. Hili unabonyeza tu, linawaka! Tulilizunguka tukiimba mpaka koo zikakauka. Baba akashuka na hendeli ya lile la zamani, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa mbele.

Siku ya tatu fundi wa mwenye duka akaja kwa baiskeli, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mzee. Umesahau kutuachia hendeli."

"Marahaba. Sikusahau. Kwetu ng'ombe akiuzwa, kamba yake inarudi nyumbani. Ukiitoa kamba, baraka za zizi zinamfuata."

"Mzee, lile ni gari!"

"Limenilishia watoto. Ng'ombe anafanya nini zaidi?"

"Basi tajiri kasema, bila hendeli nirudi na hili jipya."

Mama akatokeza jikoni, unga mikononi. "Baba watoto, mpe. Pamba ya watu inangoja."

Baba akaitungua, akampa. Kisha akaenda kukaa kwenye zizi lisilo na ng'ombe hata mmoja.

Mvua za kwanza zilimkuta njiani, ng'ambo ya Ushirombo, magunia yamejaa. Betri ikafa. Kusukuma kwenye tope lile kulishindikana. Akatafuta hendeli ya dharura chini ya kiti, ndipo akagundua kuwa lori jipya nalo lilikuja bila hendeli yake. Pamba ililoa yote. Lori liliuzwa ili wakulima walipwe, na baba akawa kibarua kwenye magari ya wengine.

"Kumbe na yule mwenye duka alibaki na kamba yake," alituambia, akacheka peke yake. Hatukumsikia tena akicheka namna ile.

Nimesoma chuo kikuu. Naweza kukueleza kwa kirefu kwamba betri haijui habari za kamba. Lakini mnunuzi alipotoka kwenda uani nilichukua jiwe, nikaugonga ule msumari huku na huku mpaka ukalegea.

"Kuna chenu kilichobaki?" aliuliza akipokea funguo.

"Hakuna," nikasema. Msumari ulikuwa mfukoni, ukinichoma paja.