Uchafu Uliofutwa Kwenye Kishikwambi

Juzi nilikuwa kwa fundi simu hapa Karatu, nikisubiri kubadilishiwa kioo, alipoingia mama mmoja amekumbatia kishikwambi kifuani. Alieleza kuwa lilimtokea tangazo: kishikwambi chako kina virusi na uchafu, kisafishe haraka. Akapakua programu iliyotajwa, na kila ilipomuuliza akabonyeza "kubali". Ilipomaliza kusafisha, video za marehemu baba yake akiwaimbia wajukuu kwa Kiiraqw hazikuonekana tena.

Fundi alihangaika nacho kwa muda mrefu, kisha akakiweka mezani taratibu.

"Zimefutika, mama. Pole sana. Hukuzihifadhi mahali pengine?"

Mama akatikisa kichwa. "Kwani kweli kilikuwa na virusi?"

"Hapana. Kilikuwa kimejaa tu, hizo video ni kubwa."

Mama akakifuta kioo kwa ncha ya kanga, akanigeukia mimi. "Kwa hiyo huo uchafu ulikuwa ni baba?"

Nawaomba tu, wasomaji wangu, tangazo la namna hiyo likiwatokea, lifungeni. Na sauti za wazee wenu zihifadhini mahali pawili, leo hii.