Paa la Madebe kwa Kuku wa Mama

Wenzangu mliokulia Kampala miaka ile ya utawala wa jeshi, hamjasahau jinsi bati lilivyokuwa adimu. Sukari tulipanga foleni, sabuni tulikata vipande kwa uzi, lakini bati hata foleni yake haikuwepo. Basi fikirieni furaha yetu siku Baba alipotangaza kwamba sisi watoto ndio tutakaotafuta paa la banda la kuku!

Tulikaa Ntinda, kwenye kota za polisi. Baba alikuwa Mwacholi, Mkristo, fundi wa magari ya polisi. Mama alikuwa Mnubi, Mwislamu, na kuku wake ndio waliotulisha mayai wakati rafu za maduka zilikuwa tupu. Kabla yangu walizaliwa pacha, kaka yangu Opiyo na dada yangu Acen. Mimi, Akello, nilikuwa na miaka tisa. Msimu uliotangulia banda lilivuja, vifaranga wote wakafa kwa baridi. Mama aliwazika nyuma ya jiko. Sasa tetea wake alikuwa ameatamia mayai kumi na moja, na mawingu yalishaanza kujaa upande wa ziwa.

"Kila mtu alete paa yake," Baba akasema. "Jumapili tunamwaga maji. Ile itashinda, hiyo ndiyo tunapigilia."

Jamani, wiki ile! Mwalimu alifundisha hesabu, sisi tukawaza mvua. Opiyo alipata nailoni kubwa iliyofungia godoro la mtu, akatembea nayo kama mfalme. Acen alishuka bondeni kukata mafunjo, akarudi na tope hadi magotini, akakaa kusuka mkeka huku ruba bado amemganda mguuni. Mimi Mama alinipeleka Kisenyi kwa kaka yake, mjomba Ramadhani, aliyetengeneza sigiri za makaa na taa za koroboi kwa madebe ya mafuta ya kupikia. Pale palinuka makaa na mafuta ya taa, na nyundo ziligonga hadi meno yakatetemeka. Mjomba alinipa madebe sita yaliyopasuliwa na kunyooshwa.

"Usitoboe katikati, mama," akanionyesha. "Kunja mdomo ya hii, ingiza ndani ya mdomo ya ingine, halafu piga."

Nilipiga mpaka vidole vikavimba. Raha yake siwezi kuieleza!

Jumamosi jirani yetu, koplo mmoja mkarimu, akatuletea turubai zito la kijani. Tuliruka kwa shangwe. Lile lingezuia hata mvua ya mawe. Mama akaligeuza, akaona muhuri wa jeshi pembeni. Akalikunja upesi.

"Asante, baba, lakini rudisha," akamwambia kwa upole. "Hii iko na muhuri. Mimi hapana taka watu ya miwani nyeusi kuja kuuliza kuku yangu iliingia jeshi lini."

Koplo akacheka, kisha akaacha kucheka. Akalibeba akaenda. Sisi tulinuna jioni nzima, kwa kuwa tulikuwa wadogo na hatukujua kwamba makachero wale wa miwani nyeusi wakimchukua mtu harudi.

Jumapili, baada ya kanisa, Baba alisimamisha mapaa yote uani juu ya vijiti. Chini ya kila moja akatandaza majivu makavu, tone likidondoka tulione. Yeye mwenyewe alileta la nyasi, limeezekwa kama kwao. Acen akapanda kiti na debe lenye matundu, akamwaga maji.

Nailoni ya Opiyo ilishika maji, ikavimba tumbo, ikapasuka pwaa kichwani mwake. Mkeka wa Acen ulijikaza kidogo, kisha majivu yakaota madoa. Nyasi za Baba hazikupitisha hata tone! Alianza kujisifu kwa Kiacholi, Mama akamkata: "Hii itafuga utitiri. Kuku itahama, ituachie nyumba."

Yakabaki madebe yangu. Tulipiga magoti wote, vichwa vikigongana. Majivu makavu! Makavu kabisa, isipokuwa doa moja, pembeni.

"Banange, jamani, ni jasho lako," Opiyo akanitetea.

"Si jasho," Baba akasema, akinipa nyundo. "Gonga tena pale."

Nilikuwa sijamaliza mvua ya kweli ilipoanguka. Hata onyo haikutoa! Mama akapiga kelele, "Kuku yangu!" Opiyo akalalia banda lililokuwa bado wazi juu, na nailoni yake iliyochanika, tetea akimdonoa tumbo naye hatoki. Niligonga kiungo cha mwisho nikiwa siioni hata nyundo kwa maji. Baba, na shati lake la kanisani, akaliinua paa akalilaza kwa mwinamo, Acen akampa misumari mmoja mmoja, tukazungushia mawe. Tulilowa kama samaki. Mama aliingiza mkono ndani, akapapasa chini ya tetea, akautoa mkavu, akauonyesha juu. Kisha akapiga vigelegele mpaka majirani wakafungua milango.

Mayai tisa yalianguliwa wiki ile ile, na vifaranga tisa wakakua.

Juzi mjukuu wangu kajenga banda la kuku hapa hapa Ntinda. Alikaa kwenye kochi akachagua rangi ya bati kwenye simu, kisha akalalamika kwamba mletaji kachelewa saa moja. Saa moja! Banda lake ni zuri, silisemi vibaya, wala halivuji. Lakini jioni ile mvua ilipoanza hakutoka hata kuchungulia. Kila mtu alifunga dirisha lake. Nilibaki barazani peke yangu, nikitamani mtu aniite kwa jina, nitoke nikalowe.