Wimbo wa Wenyewe Nilioutunga Mimi

Nikisema sijawahi kuaibika nitakuwa mwongo, na uongo ndio ulionifikisha hapa, kwa hiyo niseme tu ukweli: kuna kanisa moja Newala ambalo mpaka leo nikipita mbele yake natazama ng'ambo ya barabara kama mtu anayetafuta duka.

Mimi ni mtunzi wa muziki wa klasiki wa kisasa. (Ukiwaambia hivyo watu wa Masasi wanakuuliza spika zako ziko wapi.) Nimesomea Dar es Salaam, na kabla ya siku ya aibu hiyo kazi yangu iliyojulikana zaidi ni ile ambayo kwaya inanyamaza dakika nzima katikati, fundi akadhani spika zimekata, akapanda jukwaani kukagua nyaya. Sasa mtu wa namna hiyo akipata mchumba asiyemcheka, anamng'ang'ania. Wangu alikuwa Neema, mwalimu wa shule pale Newala. Barua ya posa ilishafika kwao, na mama yake akamwambia mshenga wangu kwamba jibu litatoka Jumapili, baada ya ibada ya kubariki kinanda kipya cha kanisa lao, ibada ambayo mimi ndiye niliyeombwa kuitungia wimbo. Kwa hiyo watu walidhani natungia kinanda, kumbe namtungia mama mkwe.

Wiki tatu sikupata kitu. Ndipo nikakumbuka wimbo niliousikia utotoni nilipokuwa naishi kwa bibi yangu Lupaso, wanawake wakiuimba, maneno sikuyashika lakini sauti yake haikunitoka. Nikaupachika maneno ya zaburi, nikaugawa sauti nne, mwanzoni nikauficha kwenye besi polepole, mwishoni unaibuka kwa soprano mbio mbio. Wa nani, sikuuliza. Nilijiambia watunzi wakubwa duniani wote huokota nyimbo za vijijini (ni kweli, ila wao hawaposi hukohuko wanakookota).

Kwaya yangu ni ya chuo kimoja Masasi, vijana wa Singida, Mbeya, Kigoma. Mwenyeji alikuwa mmoja tu, Mama Sofia, mpishi wa chuo, anaimba sauti ya pili. Siku ya tatu ya mazoezi alikunja karatasi yake.

"Mwalimu, wimbo huu umeutoa wapi?"

"Nimeutunga, Mama Sofia."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Umenijia tu kichwani."

"Haya, baba," akasema, na Jumapili ilipofika akatuma salamu kwamba mguu unamuuma, hawezi kupanda mlima mpaka Newala. (Ningekuwa na akili, na mimi ungeniuma.)

Basi tukafika. Nikamwamkia Mama Neema, shikamoo mama, marahaba baba, akanipa kikombe kizima cha maji ninywe peke yangu, na Newala, kwenye shida ya maji, ukipewa kwa kipimo hicho ujue unapendwa. Padri, naye mgeni mkoani, akanipa kipaza sauti nieleze habari za wimbo. Ningeshukuru nikakaa. Lakini nilimwona Neema ananitazama, kichwa kikavimba, nikasema wimbo huu nimeutunga kwa kufunga na kuomba, na hakuna sikio lililowahi kuusikia kabla ya leo.

Besi wakaanza. Bibi wawili wakatazamana. Nikafurahi, nikajua sanaa imewagusa. Soprano walipoupokea, benchi zima la akina mama likainamisha vichwa, vitenge mdomoni, mabega yanatikisika, kisha bibi mmoja nyuma akashindwa kuvumilia akaitikia kwa Chimakonde, na wenzake wakamfuata, maana wimbo ule ukiitwa hauachwi bila kuitikiwa, ndivyo walivyofundwa. Vigelegele. Wazee wa kanisa wanatazama dari. Vijana wangu wa Singida wakadhani Roho ameshuka, wakaongeza sauti na kurudia mwisho mara tatu, na mimi mikono iko juu, naongoza aibu yangu mwenyewe.

Kama hamjaelewa: ule ni wimbo wa ndani ya unyago, wa kumfundisha mwari namna ya kumkanda mume kiuno akitoka shambani. Una vitendo vyake, na wale bibi wawili walivionyesha. Mwanamume hausikii. Na nyakanga, yaani mwalimu mkuu wa wari upande ule, ni Mama Neema.

Ulipokwisha, Padri akanirudishia kipaza sauti nishukuru. Mama Neema akasimama, mpole kabisa.

"Baba, umesema hakuna aliyewahi kuusikia."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimeufundisha tangu Neema hajazaliwa. Sasa nieleze. Siku ulipousikia, ulikuwa umejificha wapi?"

Kipaza sauti kiko mdomoni, spika za nje zimeelekea sokoni, na akili yangu ilikuwa imeshaondoka.

"Juu ya mkorosho, mama."

Jibu la posa halikutoka. Mshenga alirudi na ujumbe kwamba jibu lipo, ila litatolewa siku nitakayosimama katika kanisa lilelile na kusema wimbo ni wa nani. Kuchungulia nilikuwa mtoto, alisema mama, lakini kudanganya nilikuwa na ndevu. Jumapili iliyofuata nikasimama, nikasema wimbo si wangu, ni wa akina mama hawa, na kufunga sikufunga hata siku moja. Mama Neema akasema, "Haya. Sasa tunaweza kuzungumza na wewe," akanipa binti yake, akachukua karatasi zote za nota, na sijaziona tena.

Tangu hapo nimeapa: sauti yoyote ikinijia kichwani, kwanza naenda kuuliza ni ya nani. Natunga kidogo sana siku hizi. Ninachotunga ni changu kweli, na watu hukisikiliza kwa adabu, kimya mpaka mwisho. Katika maisha yangu yote ya utunzi ni kazi moja tu ambayo kanisa zima liliiitikia, na hiyo sikuitunga mimi.