Ayoubu Alipofungua Fimbo Yake

Ayoubu alikuwa fundi cherehani sokoni Kasongo, na meza ya biliadi aliijua kwanza kwa kazi. Kitambaa cha kijani kikichanika, aliitwa yeye. Akishakivuta na kukipigilia, alisukuma mipira aone kama inakwenda sawa, na katika kujaribu huko mkono ukazoea, hata akakosa mshindani kuanzia Kasongo hadi Nyangwe. Pombe hakunywa, dau hakuweka. Vijana walimtania.

"Fundi, unacheza bule, kama mutu anayelima shamba ya jirani."

"Jirani naye anakula," aliwajibu.

Mwaka huu akaalikwa Kabambare, kwenye shindano la wachezaji wanaoishi kwa mchezo huo. Huko mtu hajipeleki. Huitwa kwa jina, na kila mji una kiti kimoja. Akaenda kwa pikipiki, akafika na tope hadi magotini.

Kabla ya mchezo, mwamuzi Séraphine, mwalimu wa shule, aliwasomea sheria akiwa amesimama. Aliyegusa mpira kwa mkono au shati aseme mwenyewe. Asiye na zamu akae kitini. Sheria moja aliisoma mara mbili: mchezaji anayefungua fimbo yake ya vipande viwili wakati mwenzake bado anacheza, amejitoa, na mji wake umepoteza kiti, isipokuwa mwamuzi aone sababu njema.

Sheria hiyo ilikuwa kali, na ilistahili kuwa kali. Zamani wacheza kamari walikuwa wakinunua watu. Aliyenunuliwa alifungua fimbo katikati ya mchezo, akaenda zake. Mchezo unaouzwa si mchezo tena. Ni wizi uliovaa shati safi.

Ayoubu alipangiwa Mugisho, kijana wa Kivu aliyekuja kuchimba dhahabu, kisha akaacha sululu akashika fimbo. Walikwenda sawasawa hadi mchezo wa mwisho. Mugisho alikuwa ameinama mezani, Ayoubu yuko kitini, mara akaingia mzee Abedi.

Huyo alikuwa mjomba wa Ayoubu, aliyemlea baada ya baba yake kufa, kisha akahamia Kabambare. Hawakuwa wameonana kwa miaka. Tena ndiye aliyezoea kusema kwamba biliadi ni kazi ya walevi.

Mkono wa Ayoubu ulitangulia akili. Kwao mtu hamwendei mjomba na fimbo mkononi. Ni kama kumwendea kwa vita. Akaifungua kama alivyozoea kila akiiweka chini, akaweka vipande kitini, akaenda, akainama na kutoa mikono miwili.

"Asalamu alekum, mujomba."

"Alekum salamu. Umekonda. Bibi yako Rachida hakupikii?"

Kabla hajajibu, Roger, shabiki wa Mugisho, alisimama. "Amejitoa huyu. Muangalie fimbo yake, iko vipande viwili. Nani amekununua, fundi?"

Ayoubu akatazama vile vipande kitini. Hakuwaza ushindi. Aliwaza namna atakavyorudi sokoni kuwaambia watu kwamba kiti cha Kasongo kimepotea kwa salamu. Na nani angeamini kwamba ilikuwa salamu?

"Ni wewe umefungua?" Séraphine aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Sheria uliisikia?"

"Uliisoma mara mbili."

"Basi imekwisha," Roger akasema.

"Wewe Roger hukualikwa kucheza, wala kuamua. Ikaa. Ayoubu, sababu yako ni nini?"

"Mujomba aliingia."

"Kwani mulitaka anisalimie na muti mukononi?" mzee akauliza, na watu wakacheka.

Séraphine hakucheka. Alimgeukia Mugisho, ambaye neno moja tu lingempa ushindi. "Wewe uliona nini?"

Mugisho alipaka chaki fimbo yake taratibu. "Niliona mutoto anasalimia muzee. Kwetu ningefanya vile vile. Mimi nataka kushinda na mipira."

"Sababu ni njema," mwamuzi akasema. "Ayoubu, funga fimbo yako, rudi kitini. Mara ya pili, hata mujomba hatakuokoa."

Ayoubu alikaa. Pumzi ikamtoka ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia la muhogo mgongoni.

Mugisho aliendelea bila kukosa. Mwisho akataja shimo la pembeni, akautumbukiza humo mpira mweusi, ule unaomaliza mchezo. Ayoubu akasimama, akampa mkono, uso umemkunjuka.

"Umeshindwa, na unacheka?" mzee Abedi akamuuliza.

"Nimeshindwa mezani, mujomba. Kiti chetu kimebaki."

Mzee aliizunguka meza, akapapasa kitambaa. "Ni hii ndiyo ya walevi?"

"Ni hii."

"Leo sijaona mulevi." Akamshika mkono. "Twende nyumbani tukule, bukari iko tayari. Na huyu mwenye kukushinda naye akuje, asile peke yake."